Vigelegele Nilivyompigia Kocha

Tuliokuwa ukumbini siku ile kule Italia, watu wa kwetu, ni hawa. Alikuwapo Bi Asha, mke wa Kocha, Mpemba, ambaye mlango wake na wetu hapa ughaibuni, Laurel, inatazamana, katikati kuna maegesho ya magari tu. Alikuwapo Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, mama wa Furaha aliyekuwa kipa wa timu yetu ya mpira ya wasichana. Yeye alikuwa anakwenda kwa dada yake Immaculée kule Ubelgiji akasema atapitia. Alikuwapo Daktari Lyimo, si daktari wa sindano, ni wa chuo, mume wa Grace anayeimba kwaya Rockville. Mwaliko wa mkutano ulipitia kwake. Alikuwapo mjukuu wangu Nuru, binti wa mwanangu Rehema. Nilikuwapo mimi. Na mbele kabisa, kwenye kipaza sauti, alikuwapo Kocha.

Majina nayakumbuka. Shule niliishia darasa la nne, lakini niulize nani alikaa karibu na nani kwenye harusi ya nani, nitakwambia, na nguo aliyovaa nitakwambia. Jina la Kocha nalijua, na la baba yake. Siyaandiki. Nimelitangaza jina lile vya kutosha, na mtasoma wenyewe nilikomfikisha.

Wala hakuna aliyemwita vingine. Watoto walimwita Kocha, wazazi Kocha, na Bi Asha akikasirika alitoa kichwa dirishani akaita, "Kocha! Hizi takataka zitajitoa zenyewe?" Mchana aliendesha basi la shule, lile la njano, polepole, ungedhani amebeba mayai. Jumamosi alikuwa na wasichana wetu uwanjani, Watanzania, Wakenya, Wakongo, na mtoto mmoja wa Kizungu aitwaye Emily aliyemfuata Furaha siku moja akabaki, akawa anapiga kelele "Rudi nyuma! Rudi nyuma!" kama mtoto wa Kariakoo.

Nguo yake ilikuwa moja, suti ya michezo ya buluu yenye mistari pembeni. Kwenye harusi ya Zainabu na Idrisa kule Gaithersburg alivaa koti jeusi na tai, na chini suruali ileile ya mistari. Bi Asha aliniegemea sikioni: "Bi Mkubwa, mimi nimekuja peke yangu. Yule simjui." Filimbi yake aliifunga kwa kipande cha kanga alichokikata bila ruhusa kwenye doti mpya ya Bi Asha, na ugomvi wa kanga ile haujaisha hadi leo.

Alikuwa na neno lake. Akishawaeleza wasichana jambo, aliinama, mikono magotini, akawatazama mmoja mmoja akauliza, "Mmeelewa au mmenyamaza tu?"

Nilimuuliza siku moja kwa nini anawasumbua hivyo. Akaniambia, "Mama, mtoto wetu anakuitikia ndiyo kwa adabu, kumbe hata hajakusikia. Emily asipoelewa ananiuliza. Wa kwetu anatazama viatu vyake. Mimi sitaki adabu. Nataka jibu."

Nililipenda neno lile nikalileta nyumbani. Rehema akimfokea Nuru, nami huuliza, "Umeelewa au umenyamaza tu?" Tukacheka.

Lakini alikuwa na neno la pili, na hili alilisema kwetu wazazi, kwa sauti ya chini. "Tunatazamwa." Mzazi akipiga kelele, tunatazamwa. Mtoto akitupa ganda la ndizi, tunatazamwa. Nilipeleka sufuria la pilau pembeni ya uwanja, baridi ya Aprili, watoto wana njaa, tukaanza kula kwa mkono kama watu. Kocha akaja mbio. "Mama, funika. Tafadhali. Tunatazamwa."

"Na nani?"

"Na wenyewe."

Nikatazama. Wenyewe walikuwa wazee wawili na mbwa. Nikafunika. Mechi ilipoisha, ndani ya gari la Omondi, Mkenya aliyekuwa akitubeba sote, Kocha alilifunua sufuria lile mwenyewe akala kwa mkono, akaramba vidole, akauliza kama ukoko upo.

Ndivyo alivyokuwa. Kila mchezo ukiisha alizunguka uwanja akiokota chupa, zetu na za wapinzani. Bi Asha alikuwa akimtazama huku amejishika kiuno. "Mnamuona? Nyumbani hajui kikombe kinaoshwaje. Hapa anaokota uchafu wa watu asiowajua, kisa wasiseme."

Na msidhani alikuwa mwoga. Siku moja Rockville refa aliwakataza Nuru na Latifa, binti wa Mwanahawa, kucheza na mitandio. Kocha hakupandisha sauti. Aliweka mikono nyuma akawaambia wasichana, "Kaeni." Wakaketi wote kwenye nyasi, timu nzima, Emily katikati. Refa akatazama saa. Wazazi wa upande wa pili wakaanza kunung'unika. Kocha kasimama tu kama nguzo, na siku hiyo hakusema tunatazamwa, ingawa kweli tulitazamwa. Refa akapiga simu kwa wakubwa zake, akaongea, akarudi, akasema haya, chezeni. Kocha akaja tulipokaa akachukua chupa ya maji akashindwa kuifungua. Nikaifungua mimi nikampa.

Hilo nililiona, na Nuru mwenyewe analithibitisha. Nalitaja ili mjue kwamba haya mengine siyaandiki kwa chuki.

Halafu kulikuwa na karata. Jumapili jioni, kwa Omondi, wanaume walicheza arubastini, na Kocha alikuwa akiiba. Sisemi kwa kusingizia, sote tulijua. Karata zilikuwa zikiingia kwenye mkono wa ile suti ya buluu na kutoka zikiwa zimebadilika. Omondi akilia, "Aki Kocha, hiyo mkono ya jacket yako ni supermarket ama?" Kocha alicheka mpaka machozi. "Kwenye karata hakuna refa," akasema. Nasi tukacheka, kwa sababu uwanjani alikuwa mtu mwingine, na mtu akiwa mwema sana mahali pamoja unamsamehe kisehemu kidogo mahali pengine.

Sasa bao. Nitalieleza kwanza kama nilivyokuwa nikilieleza, maana wengi wenu mlilisikia kutoka kinywani mwangu.

Ilikuwa fainali ya kombe la wasichana, tunacheza na timu ya Gaithersburg, dakika za mwisho, hakuna aliyefunga. Mpira wa kona ukapigwa, watoto wakarundikana, Nuru akaruka katikati yao, mpira ukaingia. Refa akapuliza, bao. Omondi akarusha kofia. Lakini Kocha alikuwa ameona kilichotokea: mpira ulimgusa Nuru mkononi. Akaingia uwanjani, akamshika Nuru bega kwa upole kama baba, akamwinamia akamwambia neno, kisha akamgeukia refa akaongea naye, naye refa akalifuta bao. Tukaja kufungwa kwa penalti. Kombe likaenda kwa wenzetu, na Kocha akatoka uwanjani kichwa chini, kwa sababu ukweli ni mzito hata kwa msema kweli.

Hapo nilikuwa nikinyamaza kidogo, ili watu wapumue. Kisha nikamalizia kwamba nilisimama kwenye kiti changu cha kukunja nikampigia vigelegele mtu aliyekataa bao la haramu mbele ya watoto.

Vigelegele vile vilikuwa vya kweli. Niliona kwa macho yangu Kocha akienda kwa refa, akiongea, bao likifutwa. Omondi aliniuliza, "Bibi, kwani nini imehappen?" Nami, nisiyejua Kiingereza walichoongea, niliyekaa mbali kuliko wote, nikamjibu kama niliyekuwa katikati yao, "Kocha amelikataa bao." Omondi akawaambia wengine. Wazazi wakamkimbilia Kocha wakamkumbatia. Mama Furaha alimbusu mashavu yote mawili. Kocha akatutazama kama mtu aliyeamshwa. Nikadhani ni uchungu wa kombe.

Ndipo ikawa hadithi yangu. Harusini, kwenye mahafali, kwenye arobaini ya mtoto, Omondi akiwa mshereheshaji aliita, "Bibi, tupe ile ya Kocha!" Nikawapa. Kocha mwenyewe akiwapo alitazama sahani yake. Mimi nikamsonta kwa kidole, nikasema, "Mwoneni, hata sifa zinamwelemea."

Msimu uliofuata Nuru aliacha mpira. Alisema magoti. Rehema akampeleka kwa daktari, daktari hakuona kitu. Mimi nikasema hawa wa huku hawajui magoti. Nikawa napasha mafuta ya nazi na karafuu, na kila baada ya Magharibi namlaza kwenye kochi namkanda. Miezi namkanda. Kocha, ambaye mtoto akipata mafua tu alikwenda kumjulia hali na mfuko wa machungwa, kwetu hakuvuka maegesho. Alitupungia mkono akiwa upande wa pili, akaingia ndani. Nikamtetea kwa Rehema: mtu ana basi, ana timu, amechoka.

Kwenye harusi ile ya Gaithersburg, ya koti na suruali ya mistari, nilikuwa nimefika pale Kocha anapomshika Nuru bega. Nuru amekaa kando yangu. Mjue kwamba watoto hawa ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza, na Nuru ni hivyohivyo. Lakini alinigusa mkono akasema kwa Kiswahili safi, "Bibi, siyo hivyo."

Nikampapasa goti. "Subiri nimalize," nikamwambia.

Nilipomaliza alikuwa ameinuka kwenda kuchukua sharubati, na mahali pake amekaa Daktari Lyimo, macho yamemwiva kwa machozi, ananiomba nimrudilie tena, taratibu.

Basi ndivyo tulivyofika Italia. Daktari Lyimo alisema kuna mkutano wa mataifa juu ya maadili ya michezo, katika mji uitwao Bolonya, na wanataka makocha wa kawaida, watu waliotenda na si walioandika tu. Kocha alikataa. Akasema basi la shule haliwezi kuachwa. Akaombwa tena, akakataa. Bi Asha akaja kwangu analalamika, "Bi Mkubwa, huyu mtu halali, hali, na wala hasemi."

Halafu jioni moja akagonga mlangoni kwetu, mara ya kwanza tangu yale magoti. Nuru, aliyekuwa ameshaanza chuo, alikuwa amekuja nyumbani. Kocha hakukaa. "Mama, shikamoo. Nitakwenda, lakini kama wewe na Nuru mtakwenda na mimi."

Nuru alimtazama muda mrefu. "Kwa nini mimi, Kocha?"

"Nataka uwepo nikisema."

"Ukisema nini?"

"Ukisikia utajua."

"Sawa," akasema Nuru. Wakabaki wanatazamana kama watu wenye kesi, na mimi katikati yao nawaza nivae kanga ipi.

Bolonya ni mji wa zamani sana, nyumba zake rangi ya tofali na udongo, na barabara zake zina baraza. Si baraza ya mtu na mlango wake kama kwetu Tanga. Ni baraza moja ndefu yenye nguzo na paa, inaanzia nyumba hii inaingia nyumba ile, unatembea mji mzima mvua haikugusi. Kuna minara miwili, mmoja umeinama kabisa. Bi Asha alikataa kuusogelea. "Umesimama miaka yote hiyo," akauambia, "usije ukachagua leo."

Ukumbi wa mkutano nao ulikuwa wa kale, na dari lake limechorwa watu wakubwa wakubwa wasio na nguo. Nikainamisha macho. Nikamwambia Mama Furaha, "Mkutano wa maadili, na juu wako uchi."

"Bibi, usitazame juu," akasema. "Tazama ule bwana. Leo eko muzuri."

Kweli. Kocha alikuwa amevaa suti nzima, koti na suruali ya kitambaa kimoja, viatu vyeusi. Nikamgeukia Bi Asha kumpongeza. Alikuwa amekunja uso. "Sikumnunulia mimi," akanong'ona. "Kaenda kununua mwenyewe. Nina wasiwasi."

Walitupa vile vya kuvaa masikioni, vya kutafsiri. Kulikuwa na Kiitaliano, Kiingereza na Kifaransa. Mama Furaha akachukua vya Kifaransa. Mimi sikuchukua, nikasema hadithi naijua.

Kocha akaanza. Kiingereza chake ni cha taratibu, nikawa nashika neno hapa neno pale. Nikasikia Laurel. Nikasikia Gaithersburg. Nikasikia jina la Nuru, nikamfinya mkono, mkono wake ulikuwa baridi. Sauti ya Kocha ikashuka. Akavua miwani. Akainamisha kichwa, akanyamaza.

Ukumbi mzima ukanyamaza naye. Hakuna anayepiga makofi, hakuna anayekohoa. Sasa jamani, kwetu mtu akimaliza kusema haachwi kwenye kimya. Mtu wetu, ametoka mbali, amesimama mbele ya mataifa, amemaliza maneno yake, na hapana hata mmoja wa kumpokea? Aibu ilinishika kwa ajili yake. Nikasimama. Nikashika ncha ya kanga mdomoni nikapiga vigelegele, vile vyenyewe vya kumtoa bi harusi, virefu, vikagonga dari lile na watu wake. Nikaita, "Kocha weee! Mkweli wetu!"

Watu wakageuka. Mzee mmoja akaanza kupiga makofi, mwingine akafuata, ukumbi wote ukasimama. Nami nikaongeza.

Mama Furaha alikuwa ananivuta kanga. "Bibi, ikala! Ikala chini! Eko anatubu! Si furaha hii, Bibi, ule bwana eko anatubu!"

Nikamuona Kocha. Alikuwa ameinua mkono, kama anaomba watu wangoje, midomo yake inasema neno na halisikiki. Mwenyekiti akampa mkono, akamshukuru, akamwonyesha ngazi ya kushukia. Akaitwa mwingine.

Mama Furaha alinitoa nje, akaniketisha barazani, akaniambia yote aliyoyasikia kwa Kifaransa. Kwamba Nuru ndiye aliyekwenda kwa refa, mwenyewe, hakutumwa, akasema mpira umenigusa mkono. Kwamba Kocha alikimbia kumzuia. Kwamba alimwambia refa mtoto huyu amechanganyikiwa, hajui asemalo, bao ni halali. Kwamba lile neno alilomwinamia kumwambia, lile nililokuwa nikilieleza kuwa ni la baba, lilikuwa, "Nyamaza. Usinitie aibu, tunatazamwa." Na refa akamwamini mtoto, akamwacha mtu mzima.

"Halafu akasema," Mama Furaha akaendelea, "vigelegele vikatoka kwa viti ya wazazi, watu wakamukumbatia, na yeye akanyamaza. Anasema amenyamaza mpaka leo. Na pale alikuwa anapumua, Bibi, alikuwa amesema, sasa nataka kumwambia Nuru, mbele yenu... Pale ndiyo wewe ulisimama."

Mimi ni mtu mzima, nimezika mume, nimezika ndugu, nimeshaona aibu za kila namna. Ile ya barazani Bolonya sikuwahi kuiona. Nilitamani lile paa refu liishe, mvua ininyeshee.

Daktari Lyimo akaja amefurahi, ananishika mikono yote miwili. Alisema watu wameguswa mno, hasa na shangwe ya Kiafrika pale mwishoni, na kuna waliorekodi.

Jioni nilitembea na Nuru, chini ya zile nguzo. Kocha na Bi Asha walikuwa mbele yetu, mbali. Tukikazana wanakazana, tukipunguza wanapunguza. Kocha alikuwa hawezi kugeuka.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Nilikwambia, Bibi."

Tukapita maduka. Nikalikumbuka lile goti nililolipapasa harusini. "Na magoti?"

"Magoti yalikuwa mazima." Hili alilisema kwa Kiingereza, lakini la magoti nalijua.

"Mbona uliniacha nikakukanda miezi yote ile?"

Akanishika mkono kunivusha barabara. "Nilipenda ulivyokuwa unanikanda," akasema. "Ulikuwa husemi kitu."

Tuliporudi Laurel, ile video ilikuwa imetutangulia. Ilikuwa kwenye kila simu. Haikuonyesha maneno, ilianzia pale Kocha anapovua miwani, kisha vigelegele vyangu, kisha watu wa mataifa wamesimama. Wakamwandalia sherehe. Omondi akashika kipaza sauti, "Bibi! Leo ni leo, tupe ile ya Kocha, na hiyo ya Italy uweke!"

Nikasimama. Nuru alikuwa chuoni, lakini Kocha alikuwapo, amenitazama usoni safari hii, si sahani. Nikawaambia. Nikasema nilikosea, aliyekwenda kwa refa ni Nuru, Kocha alikwenda kumzuia, mimi nilikuwa mbali sikusikia kitu, na Kocha mwenyewe kakiri mbele ya mataifa.

Halafu Omondi akacheka. "Zii, Bibi! Ati Kocha akatae ukweli? Huyo anajishusha tu! Jameni, mnaona huyu mtu? Anachukua credi yake anapea mtoto! Si ndio maana tunam-respect?" Watu wakapiga makofi, na kuna mwanamke nyuma, Mwanahawa huyo, mama wa Latifa, alipiga vigelegele. Vilinichoma.

Kocha aliinuka akatoka. Bi Asha akamfuata na sahani yake mkononi. Baada ya hapo aliacha timu. Watu wakasema amechoka, mwacheni apumzike, amefanya mengi.

Mara ya mwisho kukaa naye ni vuli hii, majani yamejaa kwenye maegesho. Nilikuwa kwenye benchi la nje namngoja Rehema arudi na manunuzi. Akaja mzee amevaa suruali ya kawaida na sweta la kijivu, akanipa shikamoo, nikamjibu marahaba kabla sijamtambua. Hapa Laurel sikuwahi kumuona bila ile buluu.

Alikaa. Tukatazama magari.

"Mama," akasema, "nikinyamaza wananisifu. Nikisema kweli wananisifu zaidi. Juzi kuna mtu kanisimamisha dukani, anataka nikaongee na wanawe juu ya unyenyekevu. Nifanyeje?"

"Ulishamwambia Nuru?"

Akatikisa kichwa. "Bolonya nilijipanga. Nilikuwa na suti, nilikuwa na maneno. Bila watu siwezi, na mbele ya watu haikuwezekana."

"Haikuwezekana kwa sababu yangu."

"Kwa sababu yako," akasema. Sikumlaumu. Ndiyo kwanza nilimsikia akimwambia mtu mzima ukweli usoni.

Mlango wetu ukafunguka, akatoka Nuru, kaja nyumbani wikiendi, amebeba kikapu kikubwa cha nguo za kufua anakipeleka chumba cha mashine. Alituona. Akasimama katikati ya maegesho.

Kocha akainuka. Akaificha mikono kwenye mifuko ya sweta, akaitoa tena. Mimi nikaichukua ncha ya kanga yangu nikaing'ata kwa meno, isije ikanitoka sauti yoyote.

"Nuru," akasema. "Ulisema kweli nikakwambia nyamaza. Halafu nikachukua kilicho chako nikakaa nacho. Naomba radhi."

Hakuna aliyekuwa akitazama. Gari moja lilipita likitafuta nafasi. Nuru akatazama viatu vyake, kama Kocha alivyoniambia zamani kwamba watoto wetu hufanya.

"Umeelewa au..." akaanza Kocha, kwa mazoea, akalikata neno akafumba macho.

Nuru akainua uso. "Nimeelewa, Kocha," akasema. Kwa Kiswahili. "Lakini bado nina hasira."

"Una haki."

"Na Omondi anasema nimebahatika kuwa na kocha kama wewe."

"Nitakwenda kwake tena."

"Hatakusikia." Akanigeukia mimi. "Bibi ndiye aliyewaambia watu. Bibi ndiye awaambie. Polepole, wasiweze kupiga makofi."

Kikapu kilikuwa kizito, kimeanza kumteleza. Kocha akanyoosha mkono. Nuru akamtazama, akamwachia mshikio mmoja, wakakibeba huku na huku mpaka chumba cha mashine.

Ndiyo maana nimeandika. Nilikuwa mbali, nimekaa kwenye kiti cha kukunja, na macho yangu hayakuwa mazuri hata wakati ule. Penye jina sijakosea. Penye jambo huenda nimekosea tena, kwa hiyo mliokuwapo, Mama Furaha, Bi Asha, Latifa, Emily kama kuna atakayekusomea, niambieni. Na wa kwanza ni Nuru. Akisema, "Bibi, siyo hivyo," safari hii sitamwambia asubiri nimalize.